Gramu Hamsini

Mimi ni fundi mizani, Ngamiani ninakaa,
Kumi na Mbili, pembeni, nyuma ya duka la taa,
nina nyundo mkononi, vyuma chini vimejaa,
nami nimeona njaa ipimwavyo kwa mizani.

Alikuja alasiri Sengasu, mwenye mchele,
mcha Mungu mashuhuri, safu yake ni ya mbele.
Akanena kwa uzuri, bila haya na kelele:
«Sogeza mshale mbele, gramu kama hamsini.»

Nilisogeza. Kwa pesa: ada ya shule ya Mishi.
Nilisema: Si makosa, ndivyo watu wanaishi.
Kisha noti nikatosa koponi, bila ubishi.
Moyo ulitoa moshi mdogo, sikubaini.

Bi Siwema hununua nusu kilo kila siku,
akapike vitumbua, auze hadi usiku.
Alijua? Hakujua. Akalaumu tu kuku.
Kimoja kila usiku hakimo siniani.

Mishi wangu akapima mchele wetu wa jana,
kwa mawe yangu ya chuma, akarudia, na tena.
Hakulia, hakuhema, hakutamka laana.
Aliuliza mchana: «Baba, ubaya ni nini?»

Nikamwambia: «Haramu. Ndiyo jibu, imekwisha.»
Akasema: «Nafahamu. Ila mbona hukukesha?
Na lau Mola Karimu asingelituonesha,
vitumbua vingetosha, vikajaa siniani?»

Swali nikalichukua kwenye baraza karibu.
Beki mmoja augua, kila mtu humtibu.
Nikasema, nikatua; nikasubiri majibu.
Shembilu, bila ghadhabu, akacheka: «Si shetani!»

Mwingine akanituma kwamba nimwone imamu.
Wa tatu akalalama: «Fundi, usitie sumu.»
Wa nne alinisoma kama mtu wa wazimu.
Pasipo hata salamu, wakarudi uwanjani.

Goti lilipewa saa, swali likanyimwa chembe.
Imani tumeivaa kama beji ya mjumbe.
Wema tumeupakaa nje tu, rangi ya kikombe.
Ukikuna kwa uwembe, utaona nini ndani?

Msinione mkali, sikosi kundini nami;
na sala yangu ni kweli, si maneno ya ulimi.
Vinaishije mahali pamoja, kwa jina «mimi»?
Swali hili halihami, limepanga kifuani.

Asubuhi nikaenda, na bisibisi na kopo.
Sengasu alijipinda, akihesabu malipo.
Sikusema ya kushinda, wala sikula kiapo.
Nikaurudisha hapo mshale ule, mwanzoni.

Akaniuliza: «Moto ndio unaouhofu?»
Nikasema: «Ni mtoto. Aniona mpungufu.»
Akatazama mapato, akapangusa sarafu,
na kwa sauti hafifu akauliza: «Kwa nini?»

Tukaketi kwenye viti, adhuhuri ikafika.
Jibu bado hatupati, ila swali lachemka.
Bi Siwema, kwa wakati, alikuja, akaweka
kapu. Tukababaika, tukatazama mizani.

Tukamwambia habari; hakutupa msamaha,
wala hakuomba shari, hakuifanya mzaha.
Alisema: «Ni vizuri. Kuku wangu wana jaha.»
Kisha, bila ya furaha, akadai kiti, ndani.

Msomaji, rudi nyuma, ubeti wa nne, hesabu:
kituoni, ukipima, silabi moja ghaibu.
Ulipita, ukasoma, hukuuliza sababu.
Njoo tutafute jibu: ubaya wake ni nini?